Picha ya Ishirini na Tatu

Tengeru, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Aneth,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe hauko mbali. Uko chumba cha pili, na ukuta wetu ni mwembamba kiasi kwamba nakusikia kila unapojigeuza kitandani. Na mimi si mzima sana. Kwa hiyo salamu tuziache.

Mambo ya huko uendako shangazi yako Nai amekwisha kuyamaliza. Amekuambia kuhusu ndoo, chandarua, maji ya chumvi ya Dodoma, wanaume, na mahali pa kuficha kitambulisho. Kama nilisikia vizuri, wanaume amewarudia mara mbili. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu ambalo nimekaa nalo miaka kumi, na kila nilipotaka kulisema nilipata kazi ya kufanya. Unanijua, kazi haikosekani kwangu. Leo nimefunga studio mapema ili nisipate kisingizio, na bado nimetumia saa nzima kufuta lenzi ambazo ni safi.

Nataka kukuambia kuhusu usiku wa Waridi. Najua hupendi utajwe katika nyumba hii. Vumilia mara hii moja.

Hujui wazimu ule ulianzaje, maana ulikuwa mdogo. Nilikuwa mpiga picha wa kawaida wa hapa sokoni: pasipoti, kipaimara, harusi, misiba. Siku moja nilitoka kwenye harusi Usa River umeme umekatika, nikawa nimesimama nje nasubiri usafiri, nikaielekeza kamera juu kwa kuchoka tu. Chini ya zile nyota tatu zilizopangana mstari ikatokea alama ya rangi ya waridi. Nikadhani lenzi ina uchafu. Nikaifuta kwa shati, nikapiga tena, ikawepo palepale. Nilipoinua macho sikuona kitu. Aneth, nilikuwa na miaka thelathini na nane, na kwa mara ya kwanza kamera ilikuwa imeona kitu ambacho mimi sikukiona. Sikulala usiku ule. Baadaye nikasoma kwenye simu kwamba ni nebula, wingu la gesi lililoko mbali sana, na kwamba ile niliyoipata ni rahisi, kila mtu huanza nayo. Nilikasirika kidogo kusikia ni rahisi. Ndipo nikaanza kutafuta zile ngumu, na niliyoitamani kuliko zote ni ile tuliyoiita Waridi, wingu lenye umbo la ua.

Wenzetu wenye uwezo wana mashine zinazoifuata nyota anga linavyozunguka. Sisi tulikuwa na mbao mbili na bawaba. Ile bawaba niliinunua mjini kwa Mzee Gurmit, akaniuliza ni mlango gani mdogo hivyo, nikamwambia ni mlango wa mbinguni, akacheka akaniongezea skrubu nne za bure. Wewe ndiye uliyekuwa unashika dira ili bawaba ielekee kusini, imelala karibu bapa, maana hapa kwetu anga linazunguka hivyo. Chini ya ubao kulikuwa na bolti ndefu, na kazi yangu ilikuwa kuizungusha mzunguko mmoja kwa dakika, pole pole, kwa mkono, ili nyota zisigeuke mistari. Kazi yako ilikuwa saa. Ulikuwa unalala chali kwenye turubai, saa ya mama yako mkononi, na kila sekunde kumi na tano unasema "robo," nami nageuza robo. Ulikuwa na sauti nzito kwa mtoto wa miaka tisa. Sijawahi kupata msaidizi bora kuliko wewe, na nimeajiri vijana sita tangu wakati ule.

Na tulikuwa na sheria moja, hakuna mwanga. Simu ikiwaka karibu na lenzi, picha ile ni ya kutupa. Mimi ndiye niliyeitunga, na niliwahi kukufokea kwa sababu ya tochi mpaka ukalia.

Waridi lilikuwa kubwa kuliko mwezi angani na hafifu kuliko pumzi kwenye kioo. Kamera ya kawaida ina kioo ndani yake kinachozuia ule wekundu wa mwisho kabisa, na Waridi lenyewe ni wekundu mtupu, kwa hiyo kinachopenya ni kidogo sana. Picha moja haikuonyesha chochote, ni chenga tupu kama televisheni iliyokosa mawimbi. Ilibidi kupiga sitini, za dakika moja moja, na kila baada ya picha kutumia muda kidogo kurudisha bolti, kisha kuzipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Chenga hubadilika kila picha, lakini kitu kilichopo hubaki mahali pake. Nilikueleza haya kwa punje za mahindi kwenye ungo, ukaelewa mara moja, na mama yako akaniambia nimemharibia mtoto.

Mama yako. Nimezunguka kurasa mbili ili nisifike hapa.

Jumamosi ile ya Januari kulikuwa na vumbi kuanzia asubuhi. Unakumbuka pumu yake. Jioni nilikuwa napakia mbao kwenye gari, akatoka jikoni, akakitikisa kikopo chake cha dawa ya kuvuta karibu na sikio, kama alivyozoea, kusikiliza kimebaki na nini.

"Leo msiende," alisema. "Kifua kinanibana."

"Ni vumbi tu. Vuta dawa."

"Imebaki kidogo."

"Kesho nitapita mjini nikuletee."

"Kesho ni Jumapili, Baba Aneth."

"Basi Jumatatu. Usiku kama huu haupatikani mara mbili, mwezi haupo, mawingu hayapo."

Alinitazama, akasema, "Haya. Nendeni na hilo wingu lenu." Akakufunga kitenge mabegani kwa ajili ya baridi. Ningependa kukuambia kwamba alinuna, au kwamba tuligombana, ingenirahisishia kidogo. Hakununa. Alikufunga kitenge na akatufungulia geti.

Tulikwenda upande wa Momela, nje ya hifadhi, kwenye ule uwanja ambako mlima unaficha taa zote za Arusha. Tulianza saa tatu usiku. Mambo yalikwenda vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa na furaha, Aneth, ni lazima niseme hivyo, nilikuwa na furaha kamili.

Picha ilikuwa ya ishirini na tatu simu iliponitetemekea mfukoni. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye bolti. Nikaitoa kwa mkono wa kushoto, kioo kikawaka kando kabisa ya lenzi. Kilikuwa kimeandika Mama Aneth. Nililihifadhi jina lake hivyo tangu ulipozaliwa.

Sikupokea. Nilidhani anataka kuuliza tunarudi saa ngapi. Na si hilo tu. Nilikasirika. Nilisema moyoni, mwanamke huyu hawezi kuniachia hata saa moja, ona sasa ameniharibia picha. Nikaigeuza simu kifudifudi kwenye paja.

Wewe ukasema, "Baba, nini hicho kinawaka?"

"Kimulimuli."

"Mbona ni wa bluu?"

"Hesabu, Aneth. Umepoteza robo."

Dakika moja baadaye akapiga tena. Safari hii sikuangalia jina. Nilibonyeza mpaka ikazima kabisa, nikaendelea kuzungusha bolti.

Huo ndio ukweli. Mtandao ulikuwepo.

Picha ya sitini ilipokwisha nikaanza kufungua mbao, nawe ukakaa ukasema, "Baba, tuongeze kumi. Tafadhali. Kumi tu." Nikaongeza kumi. Kisha ukalala kiti cha nyuma njia nzima, nikaendesha nikipiga mluzi. Getini kwetu kulikuwa na watu. Shangazi yako alinijia amejifunga khanga kiunoni, analia kwa sauti. "Kaka, ulikuwa wapi? Tumekupigia, hupatikani, tumepiga, hupatikani!" Nami, kabla sijauliza nani ameumwa, kabla sijashuka kwenye gari, nikasema, "Kule Momela hakuna mtandao." Nilisema uongo wakati bado sijajua ninaficha nini. Mdomo ulikuwa umekwisha kujua.

Watu wote waliniamini. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake ya simu kukata kule mlimani. Mchungaji aliisema hata kanisani, kwamba baba huyu alikuwa porini na mtoto, hakufikiwa na habari. Nilikaa kiti cha mbele, nikainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi tu.

Nikuambie na la picha ya jeneza, kwa sababu hulijui. Nilikuwa nimepiga misiba ya nusu ya Meru. Nilikuwa natengeneza zile picha kubwa za kubebwa mbele ya jeneza, watu wakinisifu kwamba marehemu anaonekana kama anaongea. Usiku wa pili wa msiba walinijia kistaarabu wakaniomba picha ya mama yako. Nikafungua kompyuta. Kulikuwa na mamia ya picha za anga. Za mama yako peke yake hakukuwa na hata moja. Nilimkata kutoka picha ya harusi ya watu wengine, alikokuwa amesimama mstari wa nyuma amekunja uso kwa jua, nikamkuza mpaka akawa chenga. Ndiye huyo aliye sebuleni. Kila mtu anayeingia husema hafanani, nami husema kamera ilikuwa ya zamani.

Nilidhani siri ile inaniumiza mimi peke yangu, nikaona ni adhabu inayonitosha. Kisha ukafikisha miaka kumi na minne. Jioni moja nilikuwa naleta maji jikoni, mlango umerudishwa, nikasikia unaongea na shangazi yako. Alikuwa anachambua mchicha. Ulisema, "Mimi ndiye niliyemchelewesha baba. Nilimwomba picha kumi. Tungeondoka, tungemkuta mama yupo." Shangazi akakuambia nyamaza mwanangu, ni mipango ya Mungu. Ukasema, "Lakini mimi ndiye niliyeomba."

Nilikuwa nimesimama nje ya mlango na ndoo. Nilihitaji kusema sentensi moja. Nikaiweka ndoo chini taratibu isilie, nikarudi studio.

Hilo ndilo kosa langu, Aneth. Kuizima ile simu kulikuwa kazi ya mtu mpumbavu na mbinafsi, lakini hakujua. Mlangoni pale nilijua. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri nikakosa. Niliogopa utanichukia. Nikaona heri ujichukie wewe kidogo kuliko unichukie mimi kabisa. Sikujiambia kwa maneno hayo, lakini ndivyo nilivyofanya, na niliendelea kufanya hivyo kila siku kwa miaka mitano, nikikuona umeacha kugusa kamera, umeacha kukaa nje jioni, unapita studio umegeuza uso ili usilione lile Waridi nililolitundika ukutani. Nilipoliondoa hukuuliza limekwenda wapi.

Sasa sikiliza saa, kwa sababu zamani ulikuwa mtu wa saa.

Kamera huandika wakati wa kila picha. Picha ya ishirini na tatu, yenye mwanga wa simu, ilipigwa saa tatu na dakika arobaini na moja. Hapo ndipo mama yako alipopiga, akiwa bado anaweza kuongea. Mwalimu Zakayo, nyumba ya tatu kupanda, alikuwa na pikapu na alikuwa nyumbani. Namba yake nilikuwa nayo mimi, kwa sababu niliipiga harusi ya binti yake. Shangazi yako hakuwa nayo. Ningepokea, ningempigia mwalimu, na mama yako angefika hospitali kabla ya saa nne na robo. Badala yake alijikokota mpaka kwa shangazi yako, wakatafuta bodaboda gizani, akawekwa katikati ya dereva na shangazi yako. Karatasi ya hospitali ninayo. Imeandikwa alifikishwa akiwa amefariki, saa nne na nusu.

Wewe uliniomba picha kumi baada ya ile ya sitini. Ya sitini inasema saa nne na dakika arobaini. Mama yako alikuwa amekwisha kufa, Aneth. Ungeniomba kumi, ungeniomba mia, ungeniambia twende mbio, hakuna kilichobaki cha kuwahi. Sijui kama mimi ningemwokoa. Daktari hakuniambia nami sikuthubutu kuuliza. Lakini kama kulikuwa na nafasi, ilikuwa mkononi mwangu, na iliisha wewe ukiwa umelala kwenye turubai unahesabu robo kama nilivyokuagiza.

Ile picha ya ishirini na tatu nimeiweka ndani ya bahasha. Utaona nyota, na kwenye kona utaona ukungu wa bluu. Ndicho kile kimulimuli. Nilipopanga zile nyingine niliitoa hiyo na ya ishirini na nne, kama mtu anavyotoa picha zilizoharibika, lakini sikuzifuta. Sijui nilikuwa namtunzia nani. Nadhani nilikuwa nakutunzia wewe, nikangoja mno.

Wiki iliyopita nilikuuliza kwa nini uuguzi, wakati ulipata nafasi ya fizikia ukaikataa. Ulisema, "Basi tu, baba." Nikasema sawa, kazi nzuri. Nilijua jibu, na nilijua mimi ndiye niliyelitia kinywani mwako. Sasa sikushauri. Baba aliyefanya niliyofanya amepoteza kiti cha kushauri. Kama unaupenda uuguzi, nenda kaufanye, utakuwa mzuri, una mkono mtulivu. Lakini kama unakwenda kukaa karibu na wanaokosa pumzi mpaka uzeeke kwa sababu ya picha kumi, basi ujue unakwenda kwa uongo wangu. Chuo unaweza kubadilisha. Watu hubadilisha hata mwaka wa pili. Mimi nitafanya kazi nilipe ada, hilo nalijua.

Kuna kitu kimoja tu nitakuambia kama mzazi, ukitupe ukitaka. Ukikosea huko, sema siku hiyohiyo. Siku hiyo watu watakupigia kelele, na kelele hupita. Mimi ningeipokea kelele ya shangazi yako pale getini, labda angenipiga, labda asingeongea nami mwaka mzima. Leo ninaogopa mtoto niliyemlea mwenyewe, nimekaa kwenye meza ya jikoni naandika kwa mkono kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Watu wa hapa husifu subira yangu. Husema fundi yule anaweza kumsubiri bwana harusi jua zima. Ni kweli. Niliweza kukaa saa nzima kusubiri mwanga wa wingu, na mke wangu nikamnyima sekunde tatu za kusema "nini?" Nilimpenda. Usidhani sikumpenda. Nilimzoea, nikadhani atakuwepo nikimaliza.

Awali nilipanga kukupa barua hii stendi, basi likiwa linaondoka, ili nisiuone uso wako ukisoma. Nimeona kwamba hiyo ni ndoo nyingine ninayotaka kuiweka chini taratibu. Kwa hiyo naipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, zikiwa zimebaki saa tano, na taa yako naiona bado inawaka. Unaweza kutoka ukanisema. Unaweza kutoka ukanipiga. Unaweza kwenda kumwamsha shangazi yako ukamweleza, naye ana haki ya kujua, nami sitakana neno hata moja. Msamaha sikuombi. Ukiombwa usiku wa safari unaweza kuutoa kwa haraka ili mambo yaishe, na mambo haya si ya kuisha kwa haraka.

Basi la Dodoma linaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nitakuwa nimevaa viatu kuanzia saa kumi, nimekaa sebuleni. Ukiliacha begi lako mlangoni nitalibeba mimi mpaka stendi, na si lazima tuongee njiani. Kama utalibeba mwenyewe utokee mlango wa jikoni, nitausikia ukifungwa, na nitabaki nilipokaa.

Ni mimi niliyeizima simu. Wewe ulikuwa mtoto, ulihesabu vizuri.

Baba yako